Kona ya Soko la Samaki

"Kuanzia kesho usinisubiri tena pale kona ya soko la samaki," Eladio alisema, kabla hata hajavua kofia.

Fuensanta alikuwa jikoni anakaanga dagaa, mgongo kaupa mlango. Mguu wa kulia alikuwa kauinua kidogo, ncha ya kidole gumba tu ikigusa sakafu, kama alivyozoea kusimama akiwa peke yake na hana wa kumficha. Aliposikia sauti ya mumewe aliushusha.

"Nani kasema?"

"Borja."

Borja alikuwa msimamizi wa kampuni ya kitreni, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye ofisi ya kioo pale ufukweni, ambaye alimwita Eladio "mzee wangu" kila alipotaka kumkatalia jambo. Kitreni chenyewe hakikuwa treni. Kilikuwa trekta lililovishwa umbo la garimoshi, jeupe na buluu, likivuta mabehewa matatu yasiyo na milango na kuwazungusha watalii mji mzima wa Puntarroya kwa dakika arobaini, huku kipaza sauti kikieleza kila kona kwa lugha nne. Eladio ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, imebaki minne apate pensheni, na kampuni ilikuwa imemvisha kofia ya nahodha yenye nanga ya dhahabu, ingawa maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi baharini.

"Kuna mtalii kaandika malalamiko mtandaoni," Eladio alisema, akajimiminia maji. "Anasema kitreni kinasimama kila mahali, wanapanda vibibi na samaki wao, na maji ya samaki yamemdondokea kwenye viatu."

"Huyo ni Jacinta wa pale mteremkoni."

"Ndiye. Wameweka na picha yake."

"Viatu gani hivyo vilivyoharibika?"

"Ndala, Fuensanta. Jamaa alikuwa amevaa ndala."

Fuensanta alicheka kidogo. Eladio hakucheka, akavuta kiti akakaa.

Basi dogo la Mtaa wa Juu lilikuwa limefutwa miaka mitatu nyuma. Halmashauri ya mji ilisema hakuna maana ya kulipia basi wakati kitreni kinapita njia ileile. Mwaka wa kwanza wenyeji walipanda kwa euro moja. Mwaka wa pili walipanda kama nafasi zimebaki. Mwaka huu, tangu Juni, tiketi ilikuwa euro sita kwa kila mtu na abiria walipandia ufukweni tu, mbele ya ofisi ya kioo. Watu wa juu, wengi wao wazee, walibaki na Eladio. Akifika kona ya soko la samaki alikuwa akipunguza mwendo kama anayepisha gari, na wanawake wanne watano wenye mifuko wakajitupa kwenye behewa la nyuma bila kusema neno.

"Alhamisi nina daktari," Fuensanta alisema. Aliweka sahani mezani, dagaa na nyanya zilizokatwa, akakata mkate. "Nitarudije?"

"Chukua taksi."

"Taksi zipi? Ziko tatu, na Agosti hii zote zinashinda hotelini."

"Basi panda polepole. Pumzika kwa Jacinta, halafu malizia."

"Polepole," Fuensanta alisema.

"Nisikilize. Amenipa onyo la maandishi. Nikipata la pili naondolewa, na dereva wa umri wangu hakuna atakayemchukua. Nimebakiza miaka minne tu."

"Na mimi nina mwaka na miezi miwili nasubiri kubadilishwa nyonga."

"Najua."

"Sijasema hujui."

Walikula. Feni iligeuka huku na huku, ikampepea mmoja kisha mwingine. Eladio alilala robo saa akiwa amekaa kitini, mdomo wazi, halafu akaosha uso, akavaa kofia yake akashuka kazini.

*

Alhamisi Fuensanta alitoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo. Kushuka kulimchukua dakika hamsini. Aliteremka kwa ubavu, ngazi baada ya ngazi, mkono ukutani, mpaka akafika kwenye kipilefti cha kituo cha mafuta, ambako mabasi yalihamishiwa tangu uwanja wa zamani ulipogeuzwa maegesho ya kulipia. Wao wenyewe waliuza gari lao kwa sababu ya maegesho hayo. Basi la saa moja na dakika kumi lilikuwa tupu, na dereva, ambaye alimfahamu, alimsubiri akae ndipo akaondoa gari.

Katika hospitali ya mkoa hawakumchelewesha. Daktari wa dawa ya usingizi, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuchoka, alimsikiliza moyo, akamwuliza kama huvuta sigara, akafungua kompyuta.

"Mama, kuna nafasi tarehe tisa Septemba. Unaiweza?"

"Septemba hii?"

"Hii hii. Kuna mtu ameahirisha."

Fuensanta aliitikia kwa kichwa. Walimpa bahasha ya kahawia yenye tarehe, saa ya kufika na orodha ya dawa za kuacha. Aliibeba mkononi. Hakuitia mkobani, maana alitaka kuwa anaiona.

Basi la kurudi, la saa saba kasorobo, lilikuwa jingine kabisa. Foleni ilijaa vijana wenye miavuli ya ufukweni, majokofu ya mkononi na magodoro ya kupuliza. Alipofika kwa dereva akatoa noti.

"Taslimu hatupokei," dereva alisema bila kumtazama. "Msimu huu tiketi ni kwa simu."

"Asubuhi nimelipa taslimu."

"Asubuhi siyo mimi."

"Simu yangu ni ya kupigia tu, mwanangu."

"Basi mama, nipishe kwanza, kuna watu nyuma."

Akasogea pembeni. Watu kumi na wawili walipita mbele yake, mmoja mmoja, wakionyesha simu zao. Mwishowe msichana mwenye nywele zilizopakwa rangi ya kijani alimnunulia tiketi kwa simu yake mwenyewe na hakutaka kupokea noti, jambo lililomwuma Fuensanta kuliko lile la dereva, kwa sababu alishukuru mara tatu, na mara ya tatu msichana alikuwa ameshavaa vidude vya masikioni. Viti vilikuwa vimejaa. Alikaa juu ya sanduku la mtu karibu na mlango, na njia nzima, kila gari lilipofunga breki kwenye msongamano wa kwenda pwani, aliikumbatia bahasha kama mtoto mchanga.

Alishuka kwenye kipilefti saa nane na dakika ishirini. Lami ilikuwa inanata. Alipiga simu ya taksi akiwa chini ya kivuli cha kituo cha mafuta.

"Uko wapi, bibie?"

"Kwenye mabasi. Naenda Mtaa wa Juu."

"Saa moja na nusu ya kusubiri. Tena mpaka juu hatufiki, tunakuacha kwa kanisa."

"Kwa kanisa ni nusu ya njia."

"Ndiyo, bibie. Nikuandike?"

"Usiniandike," alisema.

*

Alijua alichoambiwa, na hakuwa mtu wa kumtia mumewe matatani. Lakini njiani, akiambaa na ukuta wa maduka ya maboya na kofia za majani, alikuwa ameyapanga mawazo yake hivi: mzunguko wa mwisho kabla ya chakula ni wa saa tisa kasoro dakika ishirini, na mzunguko ule huwa na watu wachache kwa sababu ya jua. Wakati huo Borja huwa mezani, anakula. Na leo siyo siku kama nyingine. Leo ana tarehe. Akimwonyesha Eladio bahasha hatahitaji kusema kitu.

Kwenye kona ya soko la samaki wauzaji walikuwa wanamwaga maji sakafuni. Hapakuwa na mwanamke mwingine. Wote walikuwa wamepata habari. Fuensanta alisimama peke yake, akashuka ukingoni hadi barabarani ili aonekane, akangoja.

Kitreni kilikuja. Kilikuwa nusu tupu, hilo alilikisia vizuri. Kipaza sauti kilikuwa kimefika sehemu yake: "Kulia kwenu ni soko la samaki, ambako hadi leo wenyeji huja kununua samaki wabichi kwa mapishi yao ya asili." Fuensanta aliinua mkono wenye bahasha.

Eladio alimwona. Juu ya hilo Fuensanta hakuwa na shaka hata kidogo, wala hakuwa nayo baadaye. Macho yao yalikutana wakiwa umbali wa hatua kumi na tano. Kisha akaona kwamba kwenye behewa la kwanza, nyuma kabisa ya mgongo wa Eladio, alikuwa ameketi Borja, amevaa shati jeupe, na kando yake wanaume wawili wenye vitambulisho shingoni, anawaelezea jambo kwa mikono.

Eladio alinyoosha mkono akavuta kamba ya kengele. Ilikuwa kengele ya kuwafurahisha watoto, na aliipiga mara mbili. Fuensanta alirudi nyuma akapanda ukingoni. Mabehewa yalimpita moja, mawili, matatu. Kwenye la mwisho kulikuwa na mwanamume mmoja na mtoto wa kike. Mtoto alimpungia mkono na baba akampiga picha. Fuensanta alikuwa bado ameinua bahasha juu, kwa hiyo katika picha hiyo, popote ilipo, anaonekana kama naye anapunga.

Muuza samaki mmoja, aliyekuwa ameshika ufagio, alitazama kitreni kikiishia, kisha akamtazama yeye.

"Huyo si mumeo?"

"Yuko kazini," Fuensanta alisema.

*

Kutoka kona ile mpaka kanisani alipumzika mara nne. Kanisani alikaa kwenye ngazi, akainuka, akaanza kupanda mteremko wa Santa Rita. Dirisha la Jacinta lilikuwa wazi.

"We Fuensanta, mbona uko peke yako? Eladio yuko wapi?"

"Usiniulize."

"Ingia basi unywe maji. Umekuwa mweupe kama shuka."

"Nikikaa sitainuka tena, Jacinta. Nimepata tarehe. Tarehe tisa."

"Usiniambie."

"Tarehe tisa Septemba."

"Basi ngoja nivae viatu nikushike mkono."

Hakungoja. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakungoja, ilhali kuvaa viatu ni jambo la dakika moja. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa na hasira, na hasira ilimpa nguvu ambayo mguu wake haukuwa nayo. Kwenye mpindo wa pili halmashauri ilikuwa imeng'oa mawe ya zamani na kuweka mapya, ya kijivu, yanayong'aa, kwa sababu hapo ndipo wageni hupigia picha. Mguu mzima ndio ulioteleza. Ule mbovu ulibaki chini yake, na akasikia mlio, mkavu na mfupi, kabla ya kusikia maumivu.

Alilala pale dakika arobaini. Gari la wagonjwa halikuweza kupita kwa sababu ya meza za mgahawa zilizopangwa barabarani, na ilipoombwa njia mwenye mgahawa alisema watu wako katikati ya chakula. Mwanamke mmoja mgeni, mnene, aliyeungua na jua mabegani, alipiga magoti akashika mwavuli wake wa maua juu ya uso wa Fuensanta muda wote ule, na kila mara alisema neno moja katika lugha yake ambalo lazima lilikuwa neno jema. Mhudumu wa mgahawa alikuja akamnong'oneza Jacinta, aliyekuwa ameshafika.

"Mama, haiwezekani tukamsogeza kidogo? Pale, nyuma ya chungu cha maua."

"Msogeze mama yako," Jacinta alisema.

Wakamteremsha kwa machela, wanaume wanne, taratibu, kwenye mawe mapya. Hapo ndipo walipokutana na Eladio aliyekuwa anapanda kwenda nyumbani kula, kama kila siku. Alisimama ukutani kuwapisha wenye machela kabla hajaona ni nani amelala juu yake. Kisha akaona.

"Fuensanta," alisema. "Fuensanta, nini?"

Alimtazama kutoka chini: kidevu kisichonyolewa, kofia, nanga ya dhahabu.

"Chakula kiko kwenye friji," alimwambia. "Kipashe."

Wale wanne waliendelea kushuka. Eladio aliwafuata hatua kadhaa, akatoa simu akampigia Borja, akaongea akiwa amegeukia ukuta. Borja alisema pole sana mzee wangu, pole kutoka moyoni, lakini dereva wa akiba yuko likizo na tiketi za saa kumi na nusu zimeshauzwa zote. Malizia mzunguko huo na wa saa kumi na mbili, halafu kesho chukua siku nzima.

*

Eladio alifika hospitalini kesho yake asubuhi, amevaa shati lake la kwendea harusi za watu, mfuko wa matunda ya pichi mkononi. Fuensanta alikuwa ameshapasuliwa. Daktari alikuwa amepita na kueleza, kwa sauti ya haraka lakini bila ukali, kwamba mfupa uliovunjika wameufunga kwa chuma na misumari. Nyonga mpya isubiri mpaka mfupa upone. Tarehe tisa imefutwa, bila shaka, na jina litarudi kwenye orodha.

"Mwisho wa orodha?" Fuensanta alikuwa ameuliza.

"Kwenye orodha," daktari alikuwa amejibu.

Eladio alikaa kwenye kiti cha wageni. Aliyapanga mapichi kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, akayapanga tena.

"Borja amenipa siku nzima ya leo," alisema.

"Amekupa."

"Anakusalimu. Kasema ukipona watakupandisha mpaka mlangoni na kitreni, bila malipo, wakati wowote."

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na bikizee aliyekoroma taratibu.

"Jacinta kaenda kusema maneno," Eladio aliendelea. "Dukani, kila mahali. Na mtu wa gazeti la mkoa kampigia Borja, anauliza kama ni kweli kitreni kilimkatalia mama mgonjwa. Sasa kampuni inaogopa. Mwezi wa Novemba zabuni inatangazwa upya." Akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wanaomba tu utie sahihi hapa. Si kitu kikubwa."

"Nisomee. Miwani yangu sijui iko wapi."

"Unaweza kusoma baadaye."

"Nisomee, Eladio."

Aliikunjua. Alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"'Mimi, niliyetaja jina langu hapa chini, nathibitisha kwamba siku hiyo sikuwa kwenye kituo chochote cha kitreni, sikuashiria kutaka kupanda, na dereva hakuwa na namna ya kuniona.'"

"Rudia hapo mwisho."

"Na dereva hakuwa na namna ya kuniona."

Mapazia yalicheza kidogo. Nje, chini, mtu alikuwa anarudisha lori nyuma, na lori lilikuwa linalia.

"Uliniona?" Fuensanta aliuliza.

"Nilikuona."

"Mkono?"

"Mkono niliuona. Na bahasha."

"Na kengele ulinipigia ya nini?"

Eladio alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, kucha zimekatwa fupi, na alikuwa ameisugua sana asubuhi hiyo.

"Ulikuwa umeshuka barabarani," alisema. "Behewa la tatu hukata kona kwa ndani. Niliogopa lisikugonge."

Hili Fuensanta hakulitegemea. Angeweza kuvumilia kama angesema alichanganyikiwa, au aliogopa, au hata kwamba alikasirika. Lakini alikuwa amemwona vizuri kabisa. Alikuwa amepima umbali wa miguu yake na magurudumu, akamtunza asigongwe, akampita. Machozi yalimjaa na akageuza uso upande wa bikizee.

"Bahasha ilikuwa na tarehe," alisema. "Tisa Septemba. Nilitaka uione wewe wa kwanza."

Eladio alifunika macho kwa kiganja. Mabega yalimtikisika bila sauti. Katika miaka thelathini na sita ya ndoa Fuensanta alikuwa amemwona akilia mara moja tu, walipomzika baba yake, na mara ile alikuwa amemshika kichwa. Sasa mkono wake ulikuwa karibu, juu ya shuka, na sindano ya maji ilikuwa kwenye mkono mwingine. Hakuunyanyua.

"Nisipoipeleka," Eladio alisema hatimaye, "wananiondoa Septemba. Hawatasema ni kwa ajili hiyo. Watasema msimu umeisha."

"Najua watakavyosema."

"Nikiondolewa tutakula nini, Fuensanta? Niambie wewe."

"Lete kalamu."

"Huna lazima ya leo."

"Lete kalamu, nimechoka."

Alimshikia karatasi juu ya trei ya chakula. Sahihi ilitoka imepinda kwa sababu alikuwa amelala chali. Eladio aliipuliza, ingawa wino ulikuwa mkavu, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akaitia mfukoni na kufunga kifungo. Akainama kumbusu kwenye paji la uso. Fuensanta alimwacha.

"Nenda," alisema, "basi litakuacha."

Lilikuwa bado limebaki saa moja na nusu.

*

Hospitali ilipomruhusu, hakurudi Puntarroya. Dada yake Amparo, mjane, alikuwa na nyumba ya chini kabisa katika jengo moja la Alcorza, mji wa mashamba ulioko mbali na bahari, ambako barabara zote ni tambarare na hakuna wa kuzipiga picha. Wiki tatu, walisema wote. Mpaka uzoee kigari cha kutembelea. Mpaka upande ngazi. Wiki tatu zikawa sita, na hakuna aliyetaja lini.

Eladio alikuja kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Basi lilimfikisha saa tano na lilimchukua saa saba na nusu. Alileta dagaa kwenye barafu, barua, blauzi aliyoiulizia. Alimweleza habari za mtaa: mwenye mgahawa kaongeza meza sita; Jacinta haongei naye, akimwona hufunga dirisha; nyumba ya jirani imenunuliwa na watu wa mbali ambao wameweka kisanduku cha funguo chenye namba mlangoni, kwa ajili ya watalii wa kupanga. Amparo aliwaacha peke yao, akaenda kujishughulisha jikoni. Wao walikaa sebuleni na kuzungumza kwa adabu, kama watu wawili waliokutana ofisini wakingoja kuitwa.

Mara moja Eladio alisema, "Zabuni wanaweza kuipata tena."

"Hongera," Fuensanta alisema, na hakusema kwa kejeli, jambo lililokuwa baya zaidi.

Jumatatu ya pili ya Oktoba alikuja na karatasi ndogo ya manjano ambayo dereva wa basi alikuwa anagawa.

"Wamebadilisha ratiba," alisema. "Ya majira ya baridi. Inaanza kesho."

"Inasemaje?"

"Basi la huku litakuwa Jumanne na Ijumaa tu." Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. "Jumatatu wameifuta."

Fuensanta alikuwa anakunja taulo za Amparo. Alimaliza ile iliyokuwa mkononi, akaiweka juu ya nyingine, akalainisha kingo.

"Nitamwomba Borja anibadilishie siku," Eladio alisema.

"Usimwombe."

"Siku moja tu. Jumanne badala ya Jumatatu. Kwake si kitu."

"Si kitu, ndiyo. Atakupa. Halafu siku nyingine atakupa karatasi uniletee."

Jikoni Amparo alikuwa amezima bomba.

"Unataka nisije?" Eladio aliuliza.

"Sijasema hivyo."

"Sema basi unachotaka."

Fuensanta alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia na hataki kumpoteza mgeni.

"Nilitaka usimame," alisema. "Siku ile. Sasa sijui tena nataka nini."

Saa saba na robo aliinuka, akashika kigari chake. Eladio alimwambia asisumbuke, lakini alikuwa ameshafika mlangoni. Kituo kilikuwa upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la mbolea, na ilikuwa mara ya kwanza kumsindikiza. Walitembea kwa mwendo wake. Eladio aliweka mkono nyuma ya mgongo wake bila kumgusa, tayari kumdaka, mpaka walipofika wakasimama bega kwa bega wakiitazama barabara.

Basi lilikuja kwa wakati. Lilikuwa na abiria sita au saba. Dereva, kijana mwenye ndevu, alimwona mwanamke mwenye kigari cha kutembelea kando ya barabara, akalisogeza basi taratibu mpaka likagusana na ukingo. Mlango wa katikati ulifunguka. Basi lilijiinamisha upande mmoja kwa mlio wa hewa, na ubao wa chuma ukatoka chini yake, ukajinyoosha, ukatua mbele ya miguu ya Fuensanta.

"Panda taratibu, mama," dereva alisema kutoka kwenye kiti chake. "Hatuna haraka."

Abiria walingoja. Mmoja wao, mwanamume mwenye kikapu, aliinuka kabisa akamwachia nafasi.

"Siyo mimi," Fuensanta alisema. "Anapanda huyu tu."

Eladio alisimama kidogo, kisha akapita juu ya ubao, kwa kuwa ndiko mlango ulikokuwa wazi. Ubao ulirudi ndani. Fuensanta alikuwa ameshageuza kigari chake, na kwa vile kugeuka kulimchukua muda mrefu, basi liliondoka kabla hajamaliza.